Damu Chooni Si Ugonjwa Mmoja

Mtu akitokwa na damu chooni, watu wa nyumbani kwake hawakosi jina la ugonjwa wake. Mama mkwe atasema ni mchango. Jirani atasema ni maji ya mto. Kijana aliyesoma kidogo atasema ni amiba, kwa sababu mwaka jana yeye mwenyewe aliambiwa hivyo, akapewa vidonge, akapona. Mwisho kijana huyo hupanda baiskeli mpaka dukani, akanunua vidonge vilevile, na mgonjwa akavimeza. Akipona, kila mtu husema, "Si tulijua?" Asipopona, hutafutwa jina lingine na dawa nyingine, na siku zinapita.

Neno ambalo nyumba nyingi hazilijui ni hili, ya kuwa damu chooni si jina la ugonjwa. Ni alama tu, kama moshi ulivyo alama ya moto. Anayeuona moshi ng'ambo ya bonde hawezi kujua kama ni majani yanayochomwa shambani, au ni jiko, au ni nyumba ya mtu inayoungua, mpaka aende akatazame.

Alama hii moja huletwa na magonjwa mengi. Liko tumbo la kuhara damu linaloletwa na bakteria, na liko linaloletwa na amiba. Kiko kichocho cha matumbo, na kifua kikuu kinachoshika matumbo badala ya mapafu. Uko ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana ambao hauletwi na mdudu yeyote anayejulikana, bali mwili wenyewe huushambulia utumbo wake. Iko saratani, na iko bawasiri. Magonjwa hayo hayatibiwi kwa dawa moja. Na, zaidi ya hayo, dawa iponyayo moja kati yake yaweza kumwua mwenye jingine. Maneno hayo si ya kutisha watu bure. Yalipata kutokea katika mji mkubwa wenye hospitali nyingi na madaktari waliosoma sana.

MAONYESHO YA CHICAGO

Katika mwaka wa 1933 mji wa Chicago, Marekani, ulifanya maonyesho makubwa ya dunia kuadhimisha miaka 100 tangu kuanzishwa kwake. Maonyesho yalifunguliwa tarehe 27 Mei, na watu wakamiminika kutoka pande zote za nchi ile, wafanyabiashara, wakulima, watu wa michezo ya kuigiza, na jamaa nzima pamoja na watoto. Wengi wao walilala katika hoteli kubwa za mjini, na miongoni mwa hizo zilikuwamo hoteli mbili zilizokuwa karibu karibu, Congress na Auditorium.

Katikati ya mwezi wa Agosti idara ya afya ya mji ilipata habari za wagonjwa wa kwanza wa kuhara damu kwa amiba. Ilidhaniwa kwamba kosa ni la watumishi wa jikoni. Wapishi na watumishi wa meza wakapimwa, na wengi wakakutwa na amiba. Lakini hata baada ya hatua zile wagonjwa hawakukoma.

Wakati huo wageni waliokwisha kulala katika hoteli zile walikuwa wamerudi makwao, mamia ya maili kutoka Chicago. Amiba hana haraka. Mtu ammezaye leo huweza kukaa wiki mbili, tatu au nne kabla ya kuugua, na pengine miezi. Basi mgonjwa aliugua akiwa kwake, akaenda kwa daktari wa mji wake, na daktari yule hakuwa na sababu ya kufikiri Chicago. Tena madaktari wengi wa Marekani siku zile waliamini kwamba kuhara damu kwa amiba ni ugonjwa wa nchi za joto. Walipomwona mfanyabiashara wa kwao analalamika maumivu ya tumbo upande wa kuume, walisema ni kidole tumbo kimevimba. Walipoona damu na kamasi, wengine walisema ni ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana.

Mwenye kidole tumbo kilichovimba hupasuliwa, na kwa kawaida huo ndio uokovu wake. Lakini utumbo ulioliwa na amiba huwa mwororo kama karatasi iliyolowa maji. Ukikatwa na kushonwa, nyuzi hazishiki vema, na uchafu humwagika tumboni. Wako waliopasuliwa namna hiyo wakafa, na sababu ya kweli ikajulikana baada ya kufa kwao.

Mmoja wa waliokufa alikuwa mwanamke mashuhuri, Texas Guinan, mwigizaji aliyejulikana nchi nzima. Yeye alikuwa amepita Chicago wakati wa maonyesho, kisha akaendelea na safari yake ya michezo mpaka Vancouver, katika Kanada. Huko aliugua, akapasuliwa, akafa tarehe 5 Novemba 1933, mwenye umri wa miaka 49.

Mwezi huo ndipo habari zilipotangazwa kwa nguvu, maonyesho ya mwaka ule yakiwa karibu kufungwa. Wageni walioandikwa katika vitabu vya hoteli walipelekewa barua za maswali, na mafundi wakaingia chini ya majengo kutazama mabomba. Waliyoyaona yaliwastaajabisha. Mabomba yalikuwa makuukuu, na mahali pengine njia ya maji machafu iliungana na njia ya maji safi. Bomba la uchafu lilipita juu ya tangi la maji ya kunywa yaliyopozwa, nalo lilikuwa likivuja. Wageni walikuwa wakinywa kinyesi cha wenzao katika bilauri safi zilizong'arishwa vizuri, na watumishi waliolaumiwa hapo kwanza walikuwa wakinywa maji yale yale.

Hesabu iliyofanywa baadaye ilionyesha wagonjwa 1,409, na vifo 98.

Jambo la kusikitisha ni kwamba dawa ilikuwapo. Tangu mwaka wa 1912, yaani miaka 21 kabla ya maonyesho yale, daktari Leonard Rogers aliyekuwa akifanya kazi Calcutta, katika Uhindi, alikwisha kuonyesha kwamba sindano ya emetini, iliyotolewa katika mizizi ya mmea uitwao ipekakuana, huwaponya wenye ugonjwa huu. Ilikuwa dawa kali yenye kuudhuru moyo isipoangaliwa, lakini iliponya. Wale waliokufa chini ya kisu hawakukosa dawa. Walikosa jina la kweli la ugonjwa wao.

MDUDU MWENYEWE

Amiba ni kiumbe kidogo mno kisichoonekana kwa macho, chenye mwili mmoja mlaini kama ute, kisicho na miguu wala kichwa. Huenda kwa kusukuma sehemu ya mwili wake mbele na kuufuatisha mwili uliobaki nyuma. Daktari Fedor Lösch wa St. Petersburg, katika Urusi, ndiye aliyemweleza kwa mara ya kwanza kama mdudu wa mgonjwa wa kuhara damu, katika mwaka wa 1875. Mgonjwa wake alikuwa kijana mkulima aliyetoka upande wa Arkhangelsk, kwenye baridi kali, mbali kabisa na nchi za joto. Lösch aliwaona wadudu katika choo chake, akawatia katika mbwa, na mbwa mmoja akapata vidonda vya utumbo. Hata hivyo yeye mwenyewe hakuthubutu kusema kwamba hao ndio walioanzisha ugonjwa. Alidhani wanauzidisha tu. Kijana yule alikufa.

Mwaka wa 1890 daktari William Osler wa Baltimore, Marekani, alikuta amiba hao hao katika usaha wa jipu la ini la mgonjwa aliyekuwa amekaa Panama. Hapo ikaonekana kwamba mdudu huyu haishii tumboni. Na mwaka wa 1898 Kiyoshi Shiga wa Japani alitangaza kwamba amemwona bakteria aletaye kuhara damu kwa namna nyingine kabisa. Tangu siku hizo imejulikana kwamba ugonjwa ambao watu wa kale waliuita kwa jina moja ulikuwa magonjwa mawili, yenye wadudu wawili na dawa mbili.

Amiba anapokaa ndani ya utumbo mpana huwa mlaini, na akitoka nje hali hiyo hufa upesi. Lakini wengine hujizungushia ganda gumu kabla ya kutoka. Maganda hayo ni madogo hata 50 yakipangwa mstari mmoja hayazidi milimita 1. Katika udongo wenye unyevu au ndani ya maji huweza kuishi siku nyingi, hata majuma. Dawa ya klorini inayotiwa katika maji ya mjini, kwa kipimo cha kawaida, haitoshi kuyaua. Maji yakichemka hufa.

Mtu akiyameza, ganda hufunguka tumboni na amiba hutoka. Katika watu wengi hukaa kimya bila kudhuru, na mwenye kuwachukua hajui. Katika wengine huanza kula ukuta wa utumbo. Hutoboa tundu dogo juu, kisha hupanuka chini ya ngozi ya utumbo, mpaka kidonda kinakuwa na umbo la chupa yenye shingo nyembamba na tumbo pana. Kwa hiyo kidonda kinachoonekana kidogo kwa juu huwa kikubwa kwa ndani.

NAMNA ANAVYOFANANA NA MENGINE

Kuhara damu kwa bakteria, kwa kawaida, huja kwa ghafula. Mtu hulala mzima na kuamka na homa, tumbo likimkata, naye huenda chooni mara nyingi hata anachoka. Kuhara damu kwa amiba mara nyingi huja polepole. Mtu huenda chooni mara tatu au nne, anaona kamasi yenye damu, homa ni kidogo au haipo, naye bado huenda shambani au afisini. Wiki ikipita hupata nafuu, kisha hurudiwa. Tofauti hiyo humsaidia daktari kufikiri, lakini si sheria. Wako wenye amiba wanaoshikwa kwa ghafula, na wako wenye bakteria wanaochelewa.

Amiba akikaa mwanzo wa utumbo mpana, karibu na kidole tumbo, maumivu huwa mahali pale pale pa ugonjwa wa kidole tumbo. Pengine utumbo hujibu vidonda vyake kwa kuota nyama, likatokea donge linaloweza kushikwa kwa mkono juu ya tumbo, na hapo hudhaniwa kuwa ni saratani. Akisafiri kwa damu mpaka kwenye ini, huleta jipu. Mgonjwa huwa na homa na jasho la usiku, hukonda, na huumwa chini ya mbavu za kuume. Pengine hukohoa kwa sababu ini lililovimba limesukuma pafu. Mtu kama huyo aweza kutibiwa malaria, au homa ya mapafu, au kifua kikuu, na huenda asiwe hata anahara, kwa hiyo hapana anayefikiri habari za choo chake.

Kufanana kulio kubaya kuliko kote ni kule kwa ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana usio na mdudu. Damu ni ile ile, kamasi ni ile ile, na hata daktari akichungulia ndani ya utumbo kwa mpira wenye taa, vidonda vyaweza kufanana. Lakini dawa zao zinapingana. Mwaka wa 1955 madaktari wawili wa Oxford, Truelove na Witts, walionyesha kwamba kotisoni huwafaa sana wenye ugonjwa ule usio na mdudu, na tangu hapo dawa za jamii hiyo zimeokoa watu wengi. Kazi yake ni kutuliza vita ambavyo mwili unapigana. Sasa mtu mwenye amiba akipewa dawa hiyo kwa kudhaniwa kuwa ana ugonjwa ule mwingine, ni kama askari walinzi kuambiwa walale wakati wezi wamo ndani ya boma. Siku za kwanza huweza kuona nafuu. Kisha amiba huchimba bila kuzuiwa, utumbo hutoboka, na mgonjwa hufa. Ndiyo sababu madaktari waangalifu hupima kwanza kama amiba yupo kabla ya kuandika dawa za kotisoni.

Tena si amiba peke yake. Yuko mnyoo mwembamba kama uzi aitwaye strongiloidi, anayeingia kwa ngozi ya miguu isiyo na viatu. Huyu aweza kuzaa ndani ya mtu yule yule, kizazi baada ya kizazi, bila mtu kukanyaga tena udongo mchafu. Askari waliotekwa na Wajapani katika vita kuu ya pili, wakalazimishwa kujenga reli kati ya Siam na Burma, walipimwa zaidi ya miaka 30 baadaye katika nchi yao baridi, na baadhi yao wakakutwa bado wanao. Mwenye mnyoo huyo akipewa kotisoni kwa muda, minyoo yaweza kuenea mwili mzima na kumwua.

KICHOCHO CHA MATUMBO

Kwa msomaji wa Kenya uko ugonjwa mwingine wa kukumbukwa kila damu inapoonekana chooni. Wengi wanakijua kichocho cha kibofu, kinachomfanya mtoto akojoe damu, hasa upande wa pwani. Ndugu yake, kichocho cha matumbo, hakijulikani sana, ingawa kinapatikana kandokando ya Ziwa Victoria, katika mashamba ya mpunga ya Mwea, na katika sehemu za Machakos, Kitui na Taveta.

Wadudu wa kichocho hukaa ndani ya konokono wadogo wa maji yasiyo na chumvi. Hutoka humo na kuogelea, na mtu akisimama majini, akivua samaki, akipanda mpunga, akifua nguo au akioga tu, huingia katika ngozi yake. Wakikomaa huwa minyoo wanaokaa katika mishipa ya damu ya matumbo, dume na jike pamoja, kwa miaka mingi. Jike hutaga mayai kila siku. Mayai mengine hupasua utumbo na kutoka na choo, na damu hutoka nayo. Mengine hupelekwa na damu mpaka kwenye ini, yakakwama. Miaka ikipita ini hukakamaa, tumbo hujaa maji, na mishipa ya umio hujaa damu mpaka siku moja inapasuka, na mgonjwa anatapika damu.

Mwaka wa 1851 daktari Theodor Bilharz, Mjerumani aliyefanya kazi Cairo, ndiye aliyewaona minyoo wa kichocho kwa mara ya kwanza katika maiti. Siku hizi dawa yake ni prazikwanteli, nayo humezwa, tena mara nyingi siku moja tu yatosha. Lakini mkulima wa mpunga anayetokwa na damu, akinunua vidonge vya amiba dukani kila baada ya miezi michache, hawaui minyoo hata mmoja. Tumbo laweza kutulia kwa siku kadhaa, kwa kuwa ndiyo tabia ya ugonjwa huo kutulia na kurudi, naye husema dawa imemfaa. Kumbe ini lake linaendelea kuharibika.

KUPIMA CHOO

Njia ya kuyatenganisha magonjwa haya ni moja, ambayo watu wengi huionea haya, nayo ni kupeleka choo kikatazamwe kwa hadubini. Haya hiyo haifai. Mtaalamu wa maabara huona mambo hayo kila siku, na kwake choo ni kama barua ya kusomwa. Yai la kichocho cha matumbo hulitambua kwa mwiba wake wa ubavuni. Amiba aliye hai humtambua kwa mwendo wake. Na akiona chembe nyekundu za damu ndani ya amiba, hapo ana sababu kubwa ya kuamini kwamba huyo ndiye anayekula utumbo.

Lakini kipimo hicho hutaka msaada wa mgonjwa. Chombo kiwe safi na kikavu, chenye kifuniko. Choo kisichanganyike na mkojo, wala kisiokotwe chini penye udongo. Kama ni cha maji na damu, kifike mbele ya mpimaji kabla ya nusu saa kupita, kwa sababu amiba mlaini akipoa hufa na hatambulikani tena. Choo kilichotolewa alfajiri na kuletwa adhuhuri, baada ya kukaa katika basi, hakiwezi kutoa ushahidi mzuri. Afadhali mgonjwa akitolee kule kule zahanati. Tena kitolewe kabla ya kumeza dawa yoyote, kwa maana kidonge kimoja au viwili vyaweza kuwaficha wadudu bila kuwamaliza. Na asipoonekana mdudu mara ya kwanza, mgonjwa asikatae kurudi. Wadudu hawatoki kila siku kwa kiasi kimoja, na ni desturi njema kupima mara tatu kwa siku mbalimbali.

Hapa liko kosa la upande wa pili, nalo yafaa lisemwe wazi. Si kila amiba aonekanaye ana hatia. Mwaka wa 1925 Émile Brumpt wa Ufaransa alisema kwamba wako amiba wa namna mbili wanaofanana kabisa, mmoja mwenye kudhuru na mmoja asiyedhuru. Wataalamu wengi hawakumsadiki. Mwaka wa 1993, baada ya ushahidi mwingi kukusanywa, Diamond na Clark waliwatenga wawili hao kwa majina, na yule mpole akaitwa Entamoeba dispar. Maganda yao hayawezi kutofautishwa kwa hadubini. Kwa hiyo mtu aweza kuandikiwa katika karatasi kwamba ana amiba, akatibiwa amiba, na kumbe aliyeonekana ni yule mpole, na ugonjwa unaomwumiza ni mwingine ambao haujatafutwa. Mtu aliyetibiwa amiba mara mbili au tatu katika mwaka mmoja, na tumbo lake halijapona, asikubali kutibiwa hivyo mara ya nne. Aombe apelekwe hospitali kubwa, penye vipimo vya kutofautisha amiba, na penye daktari awezaye kuchungulia utumbo na kutoa kipande kidogo kwa kupimwa.

DAWA NA KINGA

Mwaka wa 1966 madaktari wa Durban, Afrika Kusini, walionyesha kwamba metronidazoli huwaponya wenye kuhara damu kwa amiba na wenye jipu la ini, na emetini ikaachwa polepole. Lakini metronidazoli huwaua hasa wale walaini waliomo katika nyama ya mwili. Waliomo ndani ya mfereji wa utumbo pamoja na maganda yao huweza kubaki, na kwa hao daktari huongeza dawa ya pili, kama vile paromomaisini au diloksanidi. Mgonjwa aachaye vidonge siku ya tatu kwa sababu damu imekoma huwaacha wengine nyumbani mwao, wakingoja kumrudia yeye au kuingia katika chakula cha watoto wake.

Ziko alama zisizongoja kipimo wala siku ya soko. Tumbo likiwa gumu kama ubao na lenye kuuma likiguswa, au damu ikitoka kwa wingi, au mgonjwa akiwa na homa kali na kuanza kuweweseka, apelekwe hospitali saa ile ile. Mtoto anayehara, macho yakiingia ndani na mdomo ukikauka, apewe maji yenye chumvi na sukari ya pakiti ya zahanati, kidogo kidogo bila kukoma, huku akipelekwa kwa mganga.

Kwa habari ya kinga, Chicago imetufundisha kwamba maji kung'aa si dalili ya usafi. Maji ya kunywa yachemshwe. Choo cha shimo kichimbwe mbali na kisima, tena upande wa chini wa mteremko, kisiwe juu. Anayepika aoshe mikono kwa sabuni kila atokapo chooni, kwa kuwa mtu mzima kabisa aweza kuchukua maganda bila kujua. Mboga zinazoliwa mbichi zisimwagiwe maji ya mfereji wa uchafu. Na mwenye kazi ya majini katika sehemu zenye kichocho asingoje damu. Apimwe, na siku dawa inapotolewa shuleni au kijijini, asiwafiche watoto.

Mwisho, mgonjwa afikapo kwa daktari asiseme tu, "Nina amiba, nipe dawa." Aseme ugonjwa ulianza lini, na kama ulikuja ghafula au polepole. Aseme amesafiri wapi katika miezi iliyopita, amekunywa maji gani, na ameingia katika mto au ziwa gani. Aseme dawa alizokwisha kumeza, hata zile za dukani na za miti shamba. Mwaka wa 1933 wagonjwa wengi walitoka Chicago wakiwa na jibu la ugonjwa wao, na daktari wa kwao hakuwauliza walikolala, wala wao hawakufikiri kumwambia.